Shingo Kwanza, Kopo Baadaye

Kabla hujatoka kwenda dukani, pitisha vidole shingoni, chini ya taya, kutoka kooni kupanda hadi kidevuni. Kisha vishushe. Mwelekeo mmoja utateleza, mwingine utakwaruza. Hilo ni la kawaida. Ukikuta vijinundu vigumu kama punje za mtama, vingine vimezungukwa na weusi, vingine vinauma ukivigusa, basi krimu ya kunyolea utakayonunua ichaguliwe kwa ajili ya vijinundu hivyo. Usipokuta kitu, una bahati, na nusu ya haya ninayoandika unaweza kuyapita mbio.

Wengi wetu huanzia upande wa pili. Tunasimama mbele ya rafu ya supamaketi, tunafungua vifuniko, tunanusa, tunachukua kopo linalonukia kama mjomba aliyeshuka leo kutoka Dubai. Mimi nimenunua hivyo miaka mingi. Harufu ilikuwa safi kabisa. Shingo ilikuwa ganda la fenesi. Nilibadilisha makopo, nikabadilisha harufu, nikapaka hadi dawa ya meno kwenye vipele kwa ushauri wa jirani, na sikujiuliza hata siku moja krimu yenyewe inafanya kazi gani usoni.

Ina kazi mbili. Ya kwanza ni kushika maji. Udevu mkavu ni mgumu, na wembe huusukuma kabla ya kuukata. Udevu uliokunywa maji kwa dakika mbili tatu huvimba, hulainika, na hukatika kwa nguvu ndogo. Lakini maji matupu hayakai usoni: yanateremka kifuani au yanakauka, hasa kama unanyoa chini ya feni. Krimu huyazuia pale pale kwenye unywele. Kazi ya pili ni utelezi, ili wembe upite juu ya ngozi bila kuichuna.

Ukishaliona hilo, mengine yanajipanga. Povu kubwa si dalili ya krimu nzuri, kwa sababu sehemu kubwa ya povu ni hewa, na hewa hailainishi udevu. Krimu ya bei mbaya iliyopakwa haraka juu ya uso mkavu hushindwa na krimu ya bei rahisi iliyopakwa juu ya uso uliotoka kuogeshwa kwa maji ya vuguvugu na kuachwa dakika mbili. Kwa hiyo nyoa baada ya kuoga. Kama hujakubali hata hilo, usinunue krimu mpya kwanza. Iliyopo nyumbani huenda haina kosa.

Vipele vinatoka wapi

Nywele za wengi wetu zimejikunja tangu ndani ya ngozi. Wembe unapoukata unywele wa namna hiyo mshazari, unauachia ncha kali kama kijiti cha mshikaki. Unapoota tena unafuata mkunjo wake, unatoka kidogo, unainama, kisha unajichoma tena kwenye ngozi jirani. Mwili unauona kama mwiba: unavimba, unawasha, pengine unatunga usaha. Kuna njia ya pili iliyo mbaya zaidi. Ukinyoa hadi chini kabisa, unywele hukatwa ukiwa umevutwa, kisha hurudi ndani ya tundu lake. Huo hauna haja ya kutoka nje. Hutoboa ukuta wa tundu ukiwa humo humo ndani. Wembe wa mpini wenye makali matatu au matano umeundwa kufanya jambo hilo hasa: la kwanza huuvuta unywele, yanayofuata huukata. Ijumaa jioni shavu ni laini kama la mtoto, Jumatatu shingo inawaka.

Makala za kitabibu za Marekani hutaja kwamba kati ya asilimia 45 na 83 ya wanaume Weusi wanaonyoa hupatwa na hali hii. Hospitalini ina jina refu la Kilatini. Mtaani tunasema vipele vya ndevu, na inatosha.

Kwa hiyo hakuna krimu inayoponya vipele vya ndevu. Krimu nzuri hupunguza mvuto na mkwaruzo, nawe unapata nafasi ya kunyoa bila kukandamiza na bila kurudia mahali pamoja mara tano. Ikiwa kopo linaahidi kumaliza vipele kwa siku tatu, lirudishe kwenye rafu. Ikiwa shingo imeshavimba na ina usaha, kinachotakiwa kwanza ni kuacha wembe kwa wiki nne hivi. Nywele zikirefuka kidogo hujifyatua zenyewe na kutoka. Usizichokonoe kwa pini na usizing'oe. Ukiuona unywele umepinda kama kitanzi juu ya ngozi, unyanyue taratibu kwa kitu safi na uuache ukiwa umesimama.

Najua wapo wasioweza kuacha hata wiki moja: askari, mlinzi wa kampuni, mhudumu wa hoteli ya kitalii ambaye msimamizi humkagua kidevu asubuhi. Kwao mashine ya kinyozi inayoacha milimita moja ya ndevu ni bora kuliko krimu yoyote iliyowahi kutengenezwa, na cheti cha daktari kinachoeleza tatizo si kitu cha kuonea haya.

Saa moja bila kupaka kitu

Sasa ngozi yenyewe. Siku usiyonyoa, osha uso kwa sabuni laini, jikaushe kwa kugusagusa, kisha usipake chochote kwa saa moja. Hakuna mafuta, hakuna losheni. Jitazame mbele ya dirisha.

Ukiona uso umepauka, unavuta pembeni mwa mdomo, na ukikwaruza kwa ukucha unaacha mstari mweupe, ngozi yako ni kavu. Ukiona pua na paji la uso vinang'aa na kipande cha tishu kikiwekwa pale kinaloa mafuta, ni ya mafuta. Wengi huwa na yote mawili, pua ya mafuta na mashavu makavu. Hao waangalie sehemu ndevu zinapoota, maana hakuna anayenyoa pua. Kundi la tatu halionekani kwenye kioo. Hao ni wale ambao sabuni mpya, manukato au hata jasho huwawasha na kuwachoma. Ngozi yao ni nyepesi kuudhika, na wanajijua.

Jibu la leo pia si la mwaka mzima. Mtu wa Tanga ambaye wakati wa kaskazi anang'aa kama sufuria mpya, akihamia Njombe na kukutana na kipupwe cha mwezi wa saba atajikuta na uso wa magadi. Krimu iliyomfaa kule inaweza kumkausha huku. Rudia kipimo cha saa moja ukihama au msimu ukibadilika.

Ngozi kavu adui yake ni sabuni, na hapa pana jambo ambalo makopo hayalisemi. Povu la kunyolea, liwe la kopo au la tyubu, mara nyingi ni sabuni. Kiwandani huchukua asidi ya steariki, ambayo ni mafuta magumu kama nta, na kuichanganya na potasi au kitu kingine cha jamii ya magadi. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, kwenye 5 hivi kwa kipimo cha pH. Sabuni hufika 9 au 10. Kwa ngozi ya mafuta hilo ni jambo dogo, litasawazishwa baadaye. Kwa ngozi kavu kila asubuhi inayoanza na sabuni inaondoa mafuta machache yaliyokuwepo. Ndiyo maana anayenyolea sabuni ya mche, ile ya kufulia, anapata utelezi wa dakika moja na uso wa majivu kutwa nzima.

Ukiwa na ngozi kavu, tafuta krimu isiyotoa povu. Inafanana na losheni nzito, unaipaka kwa vidole, haihitaji brashi, na inabaki nyeupe juu ya ngozi bila kuumuka. Kasoro yake ni moja: inaziba wembe, hivyo utausuuza kila baada ya mpito mmoja. Ukikosa hiyo, chukua krimu ya tyubu ambayo glisirini imetajwa mapema kwenye orodha ya viambato. Glisirini hushika maji, na wanawake wa nyumbani kwako huenda wana chupa yake tangu zamani. Tone moja au mawili likichanganywa kwenye povu la kawaida hulifanya liteleze na lisikauke haraka. Hili nimelifanya sana, na ni la bei ndogo kuliko krimu yoyote ya kifahari.

Ngozi ya mafuta ina uhuru mkubwa zaidi. Povu la kopo litakufaa, jeli itakufaa zaidi. Jeli ile inayotoka kama gundi ya bluu kisha kugeuka povu kiganjani ni nzito kuliko povu la kawaida, na huacha utando mzito zaidi kati ya wembe na ngozi. Epuka tu krimu zilizosheheni mafuta na siagi, hasa kama una chunusi pamoja na vipele vya ndevu. Vitu hivyo viwili si kimoja. Chunusi huja hata mahali usiponyoa, kwenye paji la uso na mgongoni. Vipele vya ndevu hufuata wembe. Kwa mwenye vyote viwili, sabuni ya uso yenye benzoili peroksaidi siku kadhaa kwa wiki husaidia, lakini ujue itachujua rangi ya taulo na kola ya shati lako jeusi.

Ngozi inayoudhika ichaguliwe krimu yenye viambato vichache. Ukinunua kitu kwa ajili ya ngozi hii, kosa la kwanza ni manukato na la pili ni ubaridi. Ule ubaridi unaosisimua ni mentholi. Haiponyi kitu. Inaiambia ngozi kwamba ni baridi, na ngozi yenye hasira huitafsiri kama kuungua. Wanaume wengi wanaamini kisichochoma hakifanyi kazi, imani ambayo sijui tuliirithi kwa nani, labda kwa kinyozi wa kwanza aliyetupaka spiriti.

Maji ya nyumbani kwako

Jambo hili silisikii likitajwa na wauzaji, na kwa maelfu ya nyumba za Dar es Salaam, Dodoma na Mombasa lina uzito kuliko jina la krimu. Kama unatumia maji ya kisima ambayo mnayaita ya chumvi, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika, sabuni haitatoa povu vizuri. Chokaa na magnesi iliyomo kwenye maji hukamata sabuni na kuigeuza utando kama maziwa yaliyokatika. Unasugua, unaongeza, unasugua, povu linakufa usoni kabla hujafika upande wa pili. Kisha unalaumu krimu.

Pima. Weka maji ya nyumbani kwako ndani ya chupa safi, kata kipande kidogo cha sabuni ya kuogea ya kawaida, tikisa. Rudia kwa maji ya mvua. Tofauti utaiona kwa macho.

Mwenye maji ya chumvi ana njia tatu. Anaweza kuweka nusu kikombe cha maji ya mvua au ya kunywa kwa ajili ya kupigia povu tu, mengine yakabaki ya kusuuzia. Anaweza kuchagua krimu isiyotoa povu. Au anunue povu la kopo, ambalo hapo awali nililisema vibaya kidogo: limeshachanganywa na maji yake kiwandani, hivyo maji ya kisima chako hayalipati kwa urahisi. Hapa kopo linashinda tyubu, na sioni aibu kulisema.

Mwenye maji laini, kwa mfano anayevuna ya mvua, ningemwambia bila kusita anunue krimu ya tyubu na brashi. Kiasi cha punje ya harage kinatosha uso mzima, na tyubu moja inadumu miezi. Brashi inalipeleka povu hadi kwenye shina la unywele na kuunyanyua unywele uliolala. Shingo ikiwa imevimba tumia vidole. Na kama wewe ni Mwislamu, uliza brashi imetengenezwa kwa nywele gani: zile za bei rahisi zenye nywele ngumu za asili mara nyingi ni za nguruwe. Za nywele za bandia zipo, na zinakauka haraka zaidi. Kwenye sabuni za kunyolea za kipande, ukiona neno Tallowate, hayo ni mafuta ya wanyama, na lebo kwa kawaida haisemi mnyama gani.

Mgongoni mwa kopo

Mbele ya kopo kuna picha na ahadi. Geuza. Viambato vikuu huandikwa kwa kufuata wingi, kikubwa kwanza, vile vidogo kabisa mwishoni. Cha kwanza karibu kila mara ni Aqua, yaani maji. Ukikuta Glycerin kwenye vitano vya mwanzo, vizuri. Ukikuta Alcohol Denat. juu kwenye orodha na ngozi yako ni kavu, achana nayo. Lakini usikimbie kila neno lenye Alcohol ndani: Cetyl Alcohol na Cetearyl Alcohol ni mafuta mazito yanayolainisha, hayakaushi ngozi kama spiriti. Nimemwona mtu akirudisha krimu nzuri dukani kwa sababu ya neno hilo, na muuzaji akamuunga mkono.

Manukato huandikwa Parfum au Fragrance. Pia kuna mtego: kopo lililoandikwa Unscented laweza kuwa na manukato yaliyowekwa ili kuficha harufu nyingine. Maneno unayoyataka ni Fragrance Free. Kwa waliowahi kuvimba kwa sababu ya losheni au shampuu, jina jingine la kulikumbuka ni Methylisothiazolinone, dawa ya kuzuia vijidudu ndani ya kopo ambayo huwawasha watu wengi.

Tafuta pia mchoro mdogo wa kikopo kilichofunguliwa chenye 12M au 24M ndani yake. Hiyo ni miezi ya kutumia tangu siku ulipofungua. Angalia alama ya ubora: Tanzania vipodozi viko chini ya TBS tangu 2019, Kenya ni KEBS, Uganda ni UNBS. Krimu bandia zipo, na mara nyingi hujisaliti kwa herufi zilizokosewa, wino unaofutika kwa kidole na bei ya kutupwa kando ya barabara.

Mkononi mwa kinyozi

Unaweza kuchagua krimu kwa umakini wote huu kisha Jumamosi ukakaa kwenye kiti cha saluni na kupakwa kitu kisichojulikana kwa brashi iliyopita kwenye videvu kumi na viwili tangu asubuhi. Brashi na taulo za kushirikiana hupitisha mapunye na vijidudu vya usaha. Wembe wa kushirikiana unaweza kupitisha homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Beba tyubu yako. Mwambie, "Kaka, leo nipake hii yangu, na wembe ufungue hapa nione." Kinyozi mwenye kazi yake hataudhika, akiudhika, saluni ni nyingi.

Mwambie pia asishuke hadi ngozi kisogoni. Vinundu vinavyoota nyuma ya shingo kwenye ukingo wa nywele hukomaa na kuwa makovu magumu yasiyoondoka, na mstari mkali wa wembe kila wiki unachangia. Kama kwenu mna makovu yanayovimba, yale ya keloidi, usikubali wembe kugusa mahali penye kipele hata siku moja.

Nikiwa kwa kinyozi niseme pia kuhusu poda ya kunyolea. Ile inayokorogwa kwa maji na kunuka yai viza haikati ndevu. Kemikali zake za jamii ya salfa huyeyusha unywele, na unywele ulioyeyushwa hauna ncha kali ya kujichoma ngozini. Kwa vipele vya ndevu ina faida ya kweli. Ina hatari ya kweli pia, kwa sababu ngozi nayo imejengwa kwa protini inayofanana na ya unywele. Ijaribu kwanza nyuma ya sikio, fuata dakika za pakiti kwa saa, si kwa makadirio, usiipake juu ya mkato, wala usiitumie kila siku. Zile za kuondolea nywele za miguu zisifike usoni.

Wanaofuga ndevu na kunyoa ukingo tu, mashavuni na shingoni, wasinunue povu jeupe. Litaficha mstari. Jeli inayoonekana kama maji ndiyo yao, au matone machache ya mafuta mepesi ya kunyolea.

Wembe unapopita, na baada yake

Acha ndevu siku mbili, kisha papasa tena kama nilivyokuambia mwanzoni. Shingoni huenda ukagundua zinaota kwenda pembeni, upande mmoja tofauti na mwingine. Nyoa kufuata mwelekeo huo. Usivute ngozi kwa vidole ili kuikaza. Ukiikaza, unywele uliokatwa utarudi chini ya ngozi. Wembe mmoja wenye makali mamoja ni rafiki wa shingo yenye vipele kuliko ule wa makali matano. Madaktari wa ngozi wa Marekani hushauri kubadilisha wembe baada ya kunyoa mara tano hadi saba, na wembe uliochoka hauokolewi na krimu yoyote.

Suuza kwa maji ya baridi. Ukijikata, shabu inatosha: lile jiwe jeupe linalouzwa kwa wauza dawa za asili hubana ngozi na kusimamisha damu ya mikato midogo. Liloweshe, lipitishe, ngoja kidogo, suuza, maana likiachwa hukausha. Jiwe ni la mtu mmoja. Spiriti mimi niliiacha, na shingo haijawahi kuniuliza iko wapi.

Mafuta ya nazi ni mazuri kwa ngozi kavu baada ya kunyoa, mabaya kwa mwenye chunusi, kwa kuwa yanaziba vitundu. Mafuta ya karafuu yasiguse uso uliotoka kunyolewa. Ndimu nayo iache jikoni: maji yake yakikutana na jua juu ya ngozi huunguza na kuacha weusi wa miezi.

Na weusi unaoachwa na vipele ndio unaowapeleka wanaume wengi kwenye mkorogo. Wanaanza kwa kuficha madoa ya kidevu, wanaishia na shingo ya rangi tatu. Vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki vimepigwa marufuku Tanzania na Kenya, na sababu zipo. Krimu za duka la dawa zenye steroidi, wanazouziana watu kama tiba ya kila kipele, huonekana kufanya miujiza wiki ya kwanza, kisha ngozi inakuwa nyembamba na vipele vinarudi na ndugu zao. Madoa hufifia yenyewe vipele vikikoma, polepole, na krimu ya kuzuia jua huharakisha. Mwenye ualbino asinyoe bila kuwa na krimu hiyo karibu, wala asitumie vilainishi vyenye asidi baada ya wembe, kwa kuwa baadhi yake huiongezea ngozi wepesi wa kuungua na jua. Kama usaha haukomi au vinundu vinakua, nenda kwa daktari wa ngozi. Kaskazini mwa Tanzania kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kwenye hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanza 1992, na wataalamu waliosoma pale wanafanya kazi kwenye nchi nyingi za Afrika.

Krimu mpya ijaribu kwanza kwenye ngozi ya ndani ya mkono, siku mbili. Isipowasha, itumie usoni mara nne au tano kabla ya kuihukumu, na katika muda huo usibadilishe wembe wala sabuni wala losheni. Ukibadilisha vyote kwa pamoja hutajua ni kipi kilichokusaidia au kukuudhi. Brashi itundike nywele zikitazama chini, nje ya bafu lenye unyevu. Tyubu ikunje kutoka mkiani. Na kopo la povu likiisha usilitupe kwenye moto wa takataka uani: lina gesi za jamii ile ile ya gesi ya kupikia, na hata likiwa jepesi mkononi, kilichobaki ndani kinatosha kulipasua na kurusha vipande hadi barazani.